Kitako cha Kitunga: Uhakiki wa Ususi wa Mikoba ya Lwiro na Lugha Yake

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni istilahi chache zilizozoeleka kama "msuko". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huulizwa kama msuko wa riwaya fulani ni wa moja kwa moja au wa kurejea nyuma, naye hujibu bila kujiuliza neno hilo limetoka wapi. "Utunzi" nao umetokana na kutunga, kitenzi kitumikacho kwa shanga zipitishwazo uzi, kwa samaki wapitishwao ukambaa, na kwa beti za shairi. Nomino "tunga", kwa maana ya kikapu cha duara kilicho wazi, imo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Kama ni ndugu wa damu wa kitenzi hicho au majirani tu, hilo ni suala la wanaisimu. Lililo dhahiri ni kwamba wahakiki wa fasihi wamekuwa wakiazima kwa wasusi kwa muda mrefu, na deni hilo halijalipwa. Makala juu ya msuko wa riwaya ni nyingi mno. Makala ambamo kikapu chenyewe kimewekwa mezani, kikageuzwa, kikapimwa na kuhukumiwa kama kazi ya sanaa, ni adimu.

Sababu ya uhaba huo inajulikana. Vitabu vya nadharia huigawa sanaa katika sanaa za maonyesho, sanaa za ghibu na sanaa za ufundi. Ususi, ufinyanzi na uchongaji hutajwa katika kundi la mwisho kwa sentensi moja au mbili, kisha mwandishi hugeukia ushairi na harudi tena. Mgawanyo huo si mbaya kwa ajili ya mtihani. Ubaya wake ni kwamba umemzoesha msomaji kudhani kuwa kazi ya ufundi huelezwa, bali kazi ya fasihi ndiyo huhakikiwa. Matokeo yake yanaonekana pale ambapo mikoba iliyosukwa kwa nyuzi za asili inapotoka kijijini na kuingia sokoni mwa wageni: kila mtu ana neno la kuisifu, na hakuna mwenye neno la kuihukumu. Mikoba ya Lwiro na vijiji vya jirani yake, katika Kivu ya Kusini, ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu.

Lwiro na sayansi yake

Lwiro imo katika eneo la Kabare, yapata kilomita 40 kaskazini mwa mji wa Bukavu, mahali ambapo nchi inaanza kupanda kutoka Ziwa Kivu kuelekea Mlima Kahuzi. Wenyeji wake wengi ni Washi, na lugha yao ni Kimashi. Jina la Lwiro lilipata kujulikana kwa sababu ya sayansi. Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa ufupisho wa IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa hapo. Leo majengo hayo ni ya Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Humo mna mimea iliyokaushwa na kubandikwa, wadudu waliochomwa sindano, maktaba, na ala za kupima mitetemeko ya ardhi. Tangu mwaka 2002 pako pia kituo cha kulea sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi.

IRSAC haikujishughulisha na wadudu na volkeno tu. Katika miaka ya 1950 ndiyo iliyomwajiri mwanahistoria Jan Vansina na kumpeleka kwa Wakuba wa Kasai, na utafiti wake ukawa miongoni mwa misingi ya elimu ya mapokeo simulizi barani Afrika. Wakuba hao ni mabingwa wa nguo za nyuzi za mwale. Wanaume hufuma, wanawake hutarizi, na kazi zao zimeandikiwa vitabu na kuwekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kitunga kilichopita mbele ya lango la taasisi hiyohiyo kila siku ya soko, kikiwa kimejaa maharage na viazi vitamu, hakikupata bahati hiyo. Kilikuwa karibu mno.

Kitunga ndilo jina la kikapu katika Kiswahili cha Kivu. Wingi wake katika vinywa vya Wabukavu ni "bitunga". Mwanamke wa Kabare hakibebi begani. Hukiweka mgongoni, akakifunga kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso, akainama kidogo na kwenda zake hadi Mudaka au Katana, na wengine hadi masoko ya Bukavu. Mtu asiyeujua ubebaji huo hawezi kuielewa fani ya kitunga hata akikitazama mchana kutwa. Mzigo unavutwa kutoka kichwani, unaegemea kiunoni, na uzito wote unashuka katika kitako. Kwa hiyo kitako ndicho kinachosukwa kwanza, na ndicho kinachosukwa kwa mkazo mkubwa kuliko sehemu nyingine. Ubavu waweza kulegea kidogo bila madhara. Tena ni vizuri ulegee, ili ufuate umbo la mgongo. Mdomo nao huimarishwa, kwa kuwa ndipo mkono unapokamata wakati wa kutua. Kazi yote huongozwa na mwili wa mbebaji.

Mkoba uuzwao kwa mgeni una mwili mwingine. Huo huning'inia begani au mkononi. Mzigo wake ni kitabu, miwani, simu na chupa ya maji. Uzito haushuki tena kitakoni kwa namna ileile, bali huvuta pale mkanda unapokutana na mdomo. Msusi aliyefundishwa kitunga na mama yake, akiombwa mkoba wa begani, hutakiwa kuhamisha ustadi wake kutoka chini kwenda juu. Wengine hufaulu vizuri sana. Wengine husuka kitunga kidogo, wakakipachika vishikio, na vishikio hivyo ndivyo vinavyokatika kwanza. Dosari hiyo ni ya fani, na inaweza kuelezwa, kufundishwa na kurekebishwa. Lakini ni nani aliyewahi kuieleza? Mnunuzi aliyekatikiwa na kishikio yuko mbali wakati huo, naye hunyamaza kwa adabu.

Kikombe, chai na kitunga

Hapa inafaa kurudi kidogo katika nadharia. Kizazi kizima cha wanafunzi wa fasihi kimekariri mifano miwili ya uhusiano wa fani na maudhui: ule wa kikombe na chai, na ule wa pande mbili za sarafu. Mfano wa kwanza umelaumiwa, na kwa haki, kwa sababu kikombe hubaki kilekile kikitiwa chai au maji. Wa pili unakubaliwa na wengi, ingawa nao una udhaifu: pande za sarafu haziathiriani, upande mmoja hauwezi kuusukuma mwingine ukabadilika. Kitunga kingeweza kuwa mfano wa tatu. Mzigo hukipa kitunga umbo lake, nacho huuwekea mzigo mpaka wake. Kilichobebeshwa mihogo kwa miaka miwili hakifanani tena na kilichobeba unga, hata kama vilisukwa siku moja na mkono mmoja. Maudhui yamebonyea ndani ya fani. Mhakiki mwenye jicho aweza kukisoma kitunga kikuukuu na kujua kilibeba nini.

Kutokana na hilo kinapatikana kigezo cha hukumu. Kazi ya ususi iliyo bora ni ile ambayo mkazo wake umegawanywa kwa kufuata mzigo wake. Uzuri wa macho hautenganishwi na jambo hilo. Mistari myeusi inayozunguka ubavu wa kitunga mara nyingi hukaa pale ambapo uzi mpya umeingizwa au ufundi umebadilishwa. Ni pambo, na papo hapo ni kumbukumbu ya kazi. Msusi anayeiga mistari hiyo kwa rangi ya dukani, na kuiweka mahali popote apendapo, hajafanya kosa la jinai. Amefanya kile ambacho mshairi hufanya anapotia kina kwa ajili ya kina tu.

Malighafi na sheria

Mgomba umejaa katika vilima vya Bushi, na maganda yake makavu hutoa uzi wenye rangi kadhaa bila kutiwa dawa: maganda ya nje ni ya kahawia na magumu, ya ndani ni meupe na laini zaidi. Uzi huo una tabia zake. Ukisukwa ukiwa mkavu mno hupasuka. Ukisukwa ukiwa umelowa mno husinyaa baadaye na kuacha mianya. Msusi huupa unyevu kwa kiasi anachokijua mkononi, si kwa kipimo. Mafunjo ya mabondeni hupasuliwa, ganda la nje likabaki na moyo wake mwepesi ukatupwa, kwa kuwa haustahimili kukunjwa. Mkonge huparuzwa, huoshwa, hukaushwa, kisha husokotwa pajani. Mwanzi hupasuliwa ungali mbichi.

Kila moja ya malighafi hizo ina hadithi ya ardhi nyuma yake. Migomba ya Kivu imeshambuliwa na mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioingia Kongo ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kusambaa kuelekea kusini. Shamba lililougua hung'olewa, na pamoja na ndizi huondoka nyuzi. Mabonde yenye mafunjo hutolewa maji yapate kulimwa, jambo lisiloshangaza katika wilaya yenye watu wengi na mashamba madogo. Mianzi inasitawi juu mlimani, na mlima huo ni Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi kufikia yapata kilomita za mraba 6,000. Mwaka 1980 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1997, baada ya vita kuzuka, ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Neno "uhifadhi" linafaa kuchunguzwa hapa, maana linatumika katika mambo mawili yanayogongana. Kwa upande mmoja kuna uhifadhi wa msitu: mwanzi ni chakula cha sokwe wakubwa wa Kahuzi, na anayeukata bila ruhusa ni mhalifu. Kwa upande mwingine kuna uhifadhi wa utamaduni: mwanakijiji huhimizwa asiache kusuka kama walivyosuka wazee wake. Mtu yuleyule huambiwa mambo yote mawili, mara nyingine katika mkutano mmoja. Waliobeba uzito mkubwa zaidi ni Wabatwa, waliotolewa msituni katika miaka ya 1970 bila ardhi ya kufidia; mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba dola ya Kongo ilikiuka haki zao. Msituni walikuwa na miti, matete na kamba za mitambaa ambazo waliokaa nje walizinunua au walibadilishana nao. Kusema kwamba ufundi wa watu hao "unafifia" kana kwamba ni rangi iliyopigwa na jua ni kuificha sababu ndani ya kitenzi.

Haina maana kwamba msitu ufunguliwe kwa kila mwenye panga. Sokwe wa Kahuzi walipungua vibaya wakati wa vita, na hoja ya kuwalinda ni nzito. Lakini mjadala wa kudumisha ususi usioanza na swali la nani ana ruhusa ya kukata nini, wapi na msimu gani, ni mjadala wa mapambo.

Majirani na mafunzo yao

Kiondo cha Wakikuyu na Wakamba wa Kenya ndicho kinachotajwa zaidi mjadala huu unapotokea. Nacho kilikuwa chombo cha mgongoni, kilichovutwa kwa mkanda wa kichwani. Hapo ni ndugu wa kitunga cha Kabare. Nyuzi zake za awali zilitoka katika magome ya vichaka, na Ukambani katika gome la mbuyu. Mkonge ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893, ulipoletwa Tanganyika na Richard Hindorf, na kwa muda ukawa uzi wa kawaida wa kiondo. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikatiwa vishikio vya ngozi, bitana na zipu, kikavuka bahari. Baadaye viwanda vya Asia viliiga umbo lake na kuuza kwa bei ya chini. Wanaolia kwamba kiondo "halisi" kilikufa siku kilipotiwa mkonge wanasahau kwamba bila mkonge huenda kisingekuwapo cha kuliliwa. Kilichodumu katika kiondo ni namna ya kuanza kitako na namna ya kupitisha uzi. Nyuzi zilibadilika, mkono haukubadilika.

Rwanda ilichukua njia nyingine. Agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ni chombo cha heshima na zawadi, na umbo la kikapu limo katika nembo ya taifa iliyotangazwa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kampuni ya Gahaya Links, iliyoanzishwa mwaka 2004, iliwaunganisha wasusi na duka kubwa la Macy's la Marekani, ambalo lilianza kuviuza mwaka 2005. Faida ya njia hiyo ni wazi: kazi ya kudumu na vipimo vinavyoeleweka. Gharama yake ni kwamba duka la namna hiyo hutaka vikapu mia vinavyofanana, na mkono uliozoea kusuka kila kimoja kwa akili yake hujifunza kujizuia. Si hasara kubwa kama inavyosemwa na wasiosuka. Mshairi naye hukubali mizani nane kwa nane.

Lwiro haina bandari, haina duka la kifahari, na haina serikali iliyokiweka kikapu katika nembo. Bukavu imeona wimbi la wakimbizi la 1994, vita vya 1996 na 1998, na mwezi Februari 2025 waasi wa M23 wakauteka uwanja wa ndege wa Kavumu, ulio karibu na Lwiro, kisha wakaingia mjini. Mgeni anayekuja kutazama sokwe na kuondoka na mkoba ni mnunuzi anayetoweka kwa siku moja. Mwanamke wa Mudaka anayehitaji kitunga hatoweki, isipokuwa kwamba anazidi kununua mfuko wa plastiki uliofumwa kiwandani, ulio mwepesi na wa bei nafuu. Amri ya serikali ya Kongo ya Desemba 2017 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilifuata mkondo wa Zanzibar (2006), Rwanda (2008) na Kenya (Agosti 2017), na kutangulia ile ya Tanzania bara (Juni 2019). Lakini amri na soko ni vitu viwili, na mfuko mweusi wa plastiki haukutoweka Kadutu kwa sababu ya karatasi iliyotiwa saini Kinshasa.

Hukumu na huruma

Mkoba wa nyuzi za asili unapouzwa kwa wageni, mahali popote katika ukanda huu, aghalabu huambatana na kikaratasi. Kikaratasi husimulia vita, ujane, msitu unaokatwa au wanyama yatima, na huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Mambo hayo ni ya kweli, na hakuna sababu ya kuyaficha. Linalokosekana ni habari ya mkoba wenyewe: umesukwa kwa uzi gani, kwa mtindo gani, utabeba uzito gani, ukilowa ufanyiwe nini. Mnunuzi amepewa wasifu wa mtunzi na kunyimwa utungo. Uhakiki wa fasihi ulikwisha kupita njia hiyo, ulipozoea kueleza shairi kwa maisha ya mshairi, na ulichukua muda mrefu kutoka humo.

Upo utetezi wenye nguvu, nao unastahili kusikilizwa. Husemwa kwamba huruma hununua chumvi, sabuni na madaftari, na kwamba mwenye mshahara hana haki ya kumfundisha asiye nao jinsi ya kuuza. Ni kweli, na watu wa vyuo vikuu wafaa kuwa wa mwisho kuidharau fedha ya siku moja. Wengi wao wameonja kungojea mshahara usiofika. Hata hivyo utetezi huo una ufa. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Hachunguzi kitako, hivyo hamlipi zaidi msusi aliyetumia siku mbili za ziada kukikaza. Na msusi huyo, akiona kwamba mkoba wake mzuri na mkoba mbovu wa jirani vinalipwa sawa, baada ya mwaka mmoja atasuka kama jirani. Ufundi hauhitaji uadui ili uporomoke. Sifa zisizobagua zinatosha.

Hukumu ya kweli ingalipo, ila haiandikwi. Ipo Mudaka, kwa wanawake wanaonunua kitunga kwa ajili ya kazi. Mmoja wao hukigeuza juu chini, akabonyeza kitako kwa kidole gumba, akasugua mdomo kwa kiganja aone kama utachana nguo, akauvuta mkanda kwa nguvu mara mbili, kisha akataja bei iliyo chini ya ile aliyoambiwa, pamoja na sababu zake. Huo ni uhakiki kamili: una uchunguzi, una vigezo, na una hukumu inayotolewa mbele ya mtunzi. Kinachoudhoofisha ni kwamba wenye kuutoa wanapungua kila mwaka kwa kadiri plastiki inavyoongezeka, nao ndio walimu wasiolipwa wa wasusi.

Suala la lugha

Kiswahili Sanifu kina msamiati mpana wa ususi, lakini ni msamiati wa pwani. Chane, ukili, shupatu, miyaa, ukindu. Kanda, jamanda, pakacha, tenga: maneno haya yanadhani kwamba msemaji amezungukwa na minazi, mikindu na mikoma. Lwiro iko katika nyanda za juu, ambako mnazi hauoti. Msusi wa huko hujifunza kazi kwa Kimashi, huiuza kwa Kiswahili, na huiona ikiandikwa kwa Kifaransa. Katika hatua ya kati, ile ya Kiswahili, sehemu nyingi za kazi hukosa jina, au hutajwa kwa neno la Kimashi lililovikwa kiambishi cha Kiswahili. Wasanifishaji huliona jambo hilo kuwa uchafuzi. Yafaa lionekane kuwa malighafi.

Upo pia upande wa bei. Chombo kikiitwa "kitunga" huhesabiwa kwa faranga; kikipata mkanda wa begani na kuitwa "sakoshi", neno la Kifaransa lililozoeleka Kivu, huhesabiwa kwa dola. "Mkoba", neno sanifu, halina bei yoyote Bukavu kwa sababu ni wachache wanaolitamka sokoni. Kamusi itakayofasili maneno haya matatu kuwa visawe itakuwa imekosea kwa wasemaji wa Kivu, ambao wanajua kwamba si chombo kimoja, havibebwi na mwili mmoja, na haviuzwi kwa mtu mmoja.

Kazi ya kukusanya msamiati huo haihitaji fedha nyingi. Bukavu ina Chuo Kikuu Rasmi, Chuo Kikuu cha Kikatoliki na Taasisi ya Juu ya Ualimu. Wanafunzi wengi wametoka Kabare, Walungu na Kalehe, na wengi wao wana mama au shangazi asukaye. Lwiro yenyewe ina mkusanyo wa mimea, ambao ungeweza kuunganisha jina la Kimashi, jina la Kiswahili na jina la kitaalamu la kila mmea unaotoa uzi. Sharti ni kwamba mkusanyaji akae na msusi kazi ikiendelea, maana majina ya hatua hayasemwi isipokuwa hatua yenyewe inapofanyika. Akiulizwa kando, msusi atajibu "kusuka" kwa yote, ili mgeni aondoke.

Mkusanyaji huyo ataona pia jambo ambalo kikaratasi hakitaji. Mikoba mingi ya begani sasa hushonewa bitana ya kitenge kwa ndani. Bitana hupendeza, huzuia ncha za nyuzi zisichane vitu, na huongeza bei. Vilevile hufunika kitako. Kwa hiyo kidole gumba cha mnunuzi hakifiki tena pale kilipokuwa kikifika, na mafundo ya mwanzo, ambamo msusi mmoja hutambulikana na mwingine, yamekaa gizani chini ya maua ya kitenge. Baadhi ya wasusi huacha bitana bila kushonwa upande mmoja, upana wa vidole vinne hivi, ili mwenye kutaka kutazama ainue atazame.